Ofa za tableti na vifaa vya nyumbani: tunayoaminishwa na ukweli wenyewe

Nafuatilia bei za tableti na habari za vifaa janja vya nyumbani kwa miaka sasa, sio kazi yangu, ni mapenzi tu, nikiamka mkono unaenda kwenye simu kuangalia nini kimeshuka bei usiku. Na kitu kinachoniuma kuliko vyote ni kuona mtu amefurahi kweli kweli na ofa yake, alafu miezi minne baadae tableti imelala kwenye droo, haifungui apu mbili bila kukwama. Huyo mtu sio kwamba hana akili, alipewa taarifa nusu. Kwahiyo nazitaja hapa dhana kama ninavyozisikia, na chini ya kila moja ukweli wake.

"Punguzo la asilimia 60, hiyo huwezi kuiacha ipite"

Hii ndo mama yao. Asilimia inahesabiwa kutoka bei ya zamani, na bei ya zamani anaiandika nani? Muuzaji mwenyewe. Inawezekana aliipandisha wiki mbili kabla ya msimu wa ofa, au ni ile bei ya siku tableti inatoka ambayo kwa sasa hamna mtu anailipa tena. Umoja wa Ulaya waliliona hili mpaka wakaliwekea sheria, agizo la 2019 lililoanza kufanya kazi tarehe 28 Mei 2022, kwamba muuzaji akitangaza punguzo lazima aonyeshe bei ya chini kabisa aliyouzia ndani ya siku 30 zilizotangulia. Kama unaponunua sheria ya namna hiyo haipo, basi kumbukumbu ya bei ni kazi yako wewe.

Kwa vitu vya Amazon kuna Keepa na CamelCamelCamel, hizi ni tovuti zinazochora mstari wa bei ya kitu tangu zilipoanza kukifuatilia, na ukishazoea kuusoma huo mstari macho yanafunguka. Unakuta tableti inashuka hadi bei ile ile kila baada ya miezi miwili, inakaa siku tano, inapanda, inashuka tena, yaani ile wanayoiita ofa ndo bei yake ya kweli na ile ya juu imewekwa pale ili ofa ipendeze. Hapo maneno kama "zimebaki 3 tu" hayakutishi tena, maana unajua itarudi. Sehemu ambazo hamna mstari kama huo mimi naandika mwenyewe: jina, namba ya modeli, tarehe, bei. Safu nne tu. Baada ya miezi mitatu minne unakuwa unaijua bei ya kitu kuliko hata anayekiuza.

"Ikiuzwa bei ya kutupa ujue ni bahati yako"

Saa nyingine ni bahati kweli, lakini jiulize kwanza kwanini wanaitupa. Mwaka 2011 HP waliingiza sokoni tableti yao ya TouchPad mwanzoni mwa Julai, ilipofika tarehe 18 Agosti wakatangaza wanaachana nayo, bei ikashushwa hadi karibu moja ya tano ya ile ya mwanzo na watu wakazigombania mpaka zikaisha. Sasa waliofaidi ni akina nani? Ni wale waliojua wananunua kifaa ambacho mfumo wake, webOS, umeshakosa mwenyewe, na wakawa tayari kuhangaika mpaka wakakiwekea Android. Waliodhani wamepata mbadala wa iPad kwa bei rahisi walibaki wanasubiri apu ambazo hamna mtu alikuwa anazitengeneza. Kitu kimoja, bei moja, kwa huyu ofa na kwa yule hasara.

"Jina ni lile lile, basi ni ile ile"

Hapa naomba twende taratibu kwasababu ndo watu wanapoumia zaidi, na wanaumia bila kujua. Chukua Galaxy Tab A 10.1. Kuna ya 2016, kuna ya 2019, jina moja. Ya 2016 ni SM-T580, ya 2019 ni SM-T510, tofauti ya miaka mitatu imejificha kwenye namba tatu za mwisho. Tangazo likikuandikia jina na inchi tu bila hiyo namba, usiingize mkono mfukoni bado.

iPad ndo usiseme. iPad ya inchi 10.2 zipo tatu, ya 2019, ya 2020 na ya 2021, umbo lile lile, kitufe cha nyumbani kile kile, ukiziweka mezani zikiwa zimezimwa hata mimi nahitaji kuzigeuza. Lakini ndani ya kwanza ina chipu ya A10, ya pili A12, ya tatu A13. Na hiyo tofauti sio ya kwenye karatasi, iPadOS 26 ilipotoka iliiacha ile ya 2019 na kuichukua ya 2020. Kwahiyo ukiletewa ya mtu mkononi fanya hivi: igeuze, iinamishe kidogo mwanga uipige kwa ubavu, chini ya neno iPad kuna maandishi madogo sana, tafuta herufi A ikifuatiwa na tarakimu nne. Za waifai tupu, A2197 ni ya 2019, A2270 ni ya 2020, A2602 ni ya 2021. Inachukua sekunde kumi na inaweza kukuokolea miaka ya apdeti.

"Ina ram 12, inaruka hiyo"

Ram ni memori ya kufanyia kazi, apu zilizo wazi zinakaa humo. Nilishashika tableti ya namna hii, kwenye boksi imeandikwa 12GB kwa namba kubwa kuliko hata jina lake. Nikaingia kwenye mipangilio, nikaenda kuhusu kifaa, nikagusa ram, ikajiandika yenyewe: 4GB + 8GB. Yaani ram ya kweli ni nne, zile nane ni za kuazima kutoka kwenye memori ya kuhifadhia mafaili. Mfumo unachukua kipande cha memori unakitumia kama ram pale ya kweli inapojaa. Sio uongo kabisa na inasaidia kidogo apu zisifungwe nyuma, ila memori ya kuhifadhia ni ya polepole sana ukiilinganisha na ram, hasa kwenye tableti za bei ya chini ambazo bado zinatumia memori ya aina ya eMMC, ya polepole, badala ya UFS yenye kasi zaidi, na kila inapoandikwa inachakaa. Ukiona jumlisha kwenye namba ya ram, soma ile ya kushoto tu.

Na viini vya prosesa ni hivyo hivyo. "Viini nane" inasikika vizuri, lakini nane vya aina gani? Cortex-A53 ni muundo wa kiini uliotangazwa 2012, na bado tableti zenye nane za hizo zinauzwa kama mpya, wakati chipu yenye viini viwili tu vya Cortex-A76 na sita vidogo inaiacha mbali kabisa kwenye kazi za kila siku. Tafuta jina la chipu. Kama tangazo halitaji jina la chipu kabisa, hapo muuzaji ameshakujibu.

"Skrini ni HD na intaneti yangu iko poa, kwahiyo filamu zitakuwa safi"

Hii inawachanganya hata watu wanaojua mambo. Mtu amenunua tableti yenye skrini nzuri, 1920 kwa 1200, anafungua Netflix picha ina ukungu, nyuso za watu kama zimepakwa mafuta, anaanza kugombana na mtoa intaneti, anahamisha ruta, anaizima anaiwasha. Kumbe tatizo ni leseni. Apu za filamu kwenye Android zinatumia ulinzi wa Google wa kuzuia filamu zisinakiliwe, unaoitwa Widevine, una ngazi, na mbili ndo utakazokutana nazo sana: L1 ambapo ulinzi unafanyika ndani ya sehemu salama ya chipu, na L3 ambapo unafanywa na programu tu. Ukiwa na L3 Netflix haikupi HD hata skrini yako iwe ya kioo cha dhahabu, unabaki na 480p, yaani picha ya ubora wa chini. Kuna apu ya bure inaitwa DRM Info, ifungue, tafuta mstari unaosema Security Level, kama ni L3 basi usihangaike na ruta. Kwenye boksi hili huwa haliandikwi, ndo maana naona vizuri kulirudia kila ninapopata nafasi.

Alafu kuna ile "inasapoti 4K", maana yake mara nyingi ni kwamba chipu inaweza kucheza faili la 4K, sio kwamba skrini ina pikseli hizo. Angalia namba ya skrini yenyewe. Inchi 10.1 kwa 1280 kwa 800 ni kama pikseli 150 kwa inchi, herufi utaziona kingo zake. Kwa 1920 kwa 1200 ni kama 224, na kwa kusoma hapo macho yanapumzika.

"Ukiacha kwenye chaji usiku betri inakufa"

Usiku mmoja hauui kitu, tableti inajikatia yenyewe ikijaa. Kinachochosha betri ya lithiamu ni kukaa imejaa kwa muda mrefu huku ikiwa na joto. Na hapa nawasema wenzangu tunaopenda kubandika tableti ya zamani ukutani iwe skrini ya kuongozea taa na kamera za nyumba. Wazo ni zuri na mimi ninayo. Ila ya kwanza niliiacha kwenye waya mwaka mzima, asilimia 100 mchana na usiku, siku moja nikaona skrini imeanza kuachana na fremu upande mmoja, nikipitisha ukucha unaingia. Betri ilikuwa imevimba. Sikuibonyeza wala kuitoboa, niliichomoa, nikaiweka mbali na vitu vinavyoshika moto na nikaipeleka wanapopokea taka za elektroniki. Sasa hivi ya ukutani inachajiwa kupitia plagi janja, Home Assistant inaiwasha betri ikifika 30 na kuizima ikifika 70. Hiyo Home Assistant ni programu ya bure ya kuongozea vifaa vya nyumbani, iliyoanzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013. Kama hutaki shughuli hiyo, tableti nyingine zina sehemu ya kuzuia chaji isivuke asilimia 80 au 85, iwashe tu.

"Ina nembo ya Matter, itaongea na kila kitu"

Matter 1.0 ilitoka Oktoba 2022 baada ya Amazon, Apple, Google na muungano wa kampuni uliokuwa unaitwa Zigbee Alliance kukubaliana kujenga lugha moja ya vifaa vya nyumbani. Ni hatua kubwa na naiunga mkono kwa moyo wote, ila nembo haimaanishi unatoa taa kwenye boksi na mambo yanaisha. Bado unahitaji kifaa cha kuongoza kinachokaa nyumbani, na kama taa inatumia Thread, mtandao wa redio wa vifaa vya nyumbani usiokula umeme mwingi, unahitaji pia kifaa kinachounganisha Thread na mtandao wako, mfano HomePod mini au Nest Hub ya kizazi cha pili. Alafu Matter haikuja na kila aina ya kifaa siku ya kwanza, roboti za kufagia ziliingia toleo la 1.2 mwaka 2023, kwahiyo angalia kifaa chako kipo kwenye toleo gani na apu yako imefika toleo gani.

"Nimeshanunua, ni changu milele"

Hili linanigusa sana. Revolv kilikuwa kifaa cha kuongozea nyumba, Nest, kampuni ya vifaa janja iliyokuwa chini ya Google, wakawanunua 2014, na tarehe 15 Mei 2016 huduma ikazimwa na kile kifaa hakikuwa na kazi tena. Insteon, kampuni nyingine ya vifaa janja, nao, Aprili 2022 seva zilizima bila taarifa, watu wakaamka apu haifanyi chochote, mpaka kundi la wateja wenyewe lilipoinunua kampuni na kuziwasha tena mwezi Juni. Kwahiyo kabla ya kusifia bei ya taa au kufuli janja uliza swali moja: intaneti ikikatika, hiki kitu kinafanya kazi? Kama jibu ni hapana, umenunua huduma, na huduma ina siku ya mwisho.

"Imetangazwa, basi subiri inakuja"

AirPower, kibao cha Apple cha kuchajia vifaa bila waya, ilionyeshwa jukwaani Septemba 2017, na Machi 2019 wakasema haitatoka. Na hiyo ni kampuni yenyewe imesema kwa mdomo wake, sembuse tetesi. Maonyesho makubwa ya vifaa vya elektroniki yanayoitwa CES kila Januari yanajaa vitu ambavyo havifiki dukani. Mimi nazipenda tetesi kwa sababu moja tu, zikizidi kuhusu modeli mpya ile ya sasa inakaribia kushuka bei, hapo ndo nakaa mkao wa kununua ya zamani.

"Iliyotumika ni kubahatisha tu"

Inategemea imepita mikono ya nani. iPad zilizokarabatiwa na Apple wenyewe zinakuja na betri mpya, kava jipya la nje na warranti ya mwaka, hiyo sio kubahatisha. Ya kuuziana mkononi ndo unaangalia jambo moja kabla ya mikwaruzo: kufuli la akaunti. Usikubali kuambiwa "nishaitoa". Muombe afute kila kitu mbele yako, aweke nywila yake mwenyewe ikiulizwa, tableti izime iwake, iunganishe na waifai, uendelee na hatua mpaka uone haijauliza akaunti ya mtu mwingine. Ndo utoe hela.