Gia ya usukani ikigoma, usikimbilie kushusha gia boksi

Wiki iliyopita niliingiziwa gereji pikapu ya Kijapani ya miaka ya 70, ile yenye gia ya usukani, yaani liva ya kubadilishia gia iko chini ya usukani, si sakafuni. Mwenyewe ni mzee wa Isyonje, kule juu mlimani Mbeya. Akipanda anabeba mbolea kutoka Uyole, akishuka anabeba viazi. Alikuja amechoka kabisa. Fundi wa kwanza alishashusha gia boksi, akaifungua, akaifunga, kisha akamwambia atafute nyingine. Gia boksi ya gari la umri ule unaitafuta wapi?

Nilimuuliza kitu kimoja: "Mzee wangu, inasumbua ikipanda au ikishuka?"

"Ikishuka na viazi haina neno, fundi. Ikipanda na mbolea inatema gia ya tatu, inachomoka yenyewe."

Jibu hilo lilinisaidia kuliko spana yoyote, na nitalirudia mbele. Kwanza tuelewane kuhusu mfumo wenyewe, maana vijana wengi gereji hawajawahi kuushika. Zamani ulikuwa kitu cha kawaida. Hilux ya kwanza, ya mwaka 1968, ilikuja na gia ya usukani. Peugeot 404, gari ambalo dereva Bert Shankland alishinda nalo Safari Rally mwaka 1966 na 1967, nayo ilikuwa hivyo hivyo. Faida yake ni kiti kirefu cha mbele: watatu wanakaa, na wa katikati hagongwi magoti na liva kila dereva anapobadilisha gia. Kwa pikapu ya shamba hilo si jambo dogo.

Liva iliyo chini ya usukani inazungusha shafti inayoshuka sambamba na bomba la usukani mpaka ndani ya boneti. Kule chini kuna vikono viwili, na kila kikono kina rodi inayokwenda gia boksi. Kwenye zile za gia tatu, kikono kimoja ni cha namba moja na rivasi, kingine ni cha mbili na tatu. Ukivuta liva kuelekea kwako, pini ya shafti inakamata kikono cha kwanza. Ukiisukuma mbele, inahamia cha pili. Uhamaji huo unafanyika kwenye fri tu, yaani hakuna gia iliyoingia, pale mikato ya vikono vyote viwili inapotazamana. Kama kikono cha kwanza hakijarudi sawasawa kwenye fri, pini inang'ang'ania katikati. Hapo ndipo liva inakuwa kama imechomelewa, huna mbele huna nyuma, na nyuma yako basi la Tukuyu linapiga honi.

Likikukuta hilo barabarani, usiivute liva kwa hasira. Utakata pini, kisha ulale njiani kweli. Zima injini, vuta breki ya mkono, weka mawe kwenye matairi, halafu fungua boneti. Sukuma kila kikono mpaka kikae katikati. Utasikia kinatulia chenyewe. Jaribu liva, itacheza. Ukifika nyumbani, ujue hujatengeneza kitu, umejikwamua tu.

Ugonjwa wenyewe mara nyingi uko kwenye bushi, vile vipande vidogo vya plastiki au mpira pale rodi inapoungana na kikono. Vumbi letu jekundu linazisaga kama msasa. Na hapa kuna hesabu ambayo watu hawaipigi. Tuseme liva ina urefu wa sentimita 25 na kikono cha chini kina sentimita 5. Uwazi wa milimita 1 kule chini unakuwa milimita 5 mkononi mwako. Sasa jumlisha maungio manne au sita, kila moja na uwazi wake. Dereva anafikiri amefika kwenye fri, kumbe kikono bado kiko njiani.

Nimeona watu wanakata ndala na kutengeneza bushi. Siwacheki, nami nimewahi kufanya hivyo nikiwa Chimala usiku. Lakini mpira wa ndala unabonyea, na rodi ya gia haitaki kitu kinachobonyea. Mpelekee mwenye mashine ya kuchonga kipande cha naironi, akuchongee bushi inayobana bila kung'ang'ania.

Kabla ya hapo lakini, hakikisha si klachi. Injini ikiwa imezimwa, ingiza gia zote. Zikiingia laini, halafu ukiwasha zinakwaruza, acha rodi, angalia klachi: huenda haiachii vizuri. Zikiwa ngumu hata injini imezimwa, lala chini ya gari na mtu abadilishe gia taratibu wewe ukitazama. Ungio ambalo upande mmoja unatembea na wa pili bado umelala, ndilo hilo.

Kisha chomoa rodi kwenye gia boksi na usukume kikono cha gia boksi kwa mkono. Kikiingia kila gia kwa mlio mmoja safi, gia boksi haina kesi ya kujibu hapo. Kazi hiyo inachukua dakika kumi. Kushusha gia boksi ni siku nzima.

Zile za Kijapani za gia nne ziko tofauti kidogo: rodi moja inachagua njia, nyingine inasukuma gia. Kwa hiyo ukipata moja na mbili lakini tatu na nne hazipatikani kabisa, anza na rodi ya kuchagua.

Kurekebisha si kazi ngumu. Vikono vyote viwe kwenye fri. Kwenye gari nyingi za Kimarekani vina matundu ya kupitisha chuma cha kama milimita 6 ili visicheze. Kama hayapo, jicho lako litatosha. Legeza nati ya rodi, iache rodi ijikalie yenyewe bila kuilazimisha, kisha kaza. Ukizidisha nguvu hapo, umeharibu vipimo.

Wengine wananilalamikia kwamba Juni na Julai liva ni ngumu asubuhi, ikifika saa nne inalainika. Huyo alijaziwa grisi nzito kwenye bomba, ikachanganyika na vumbi. Osha kwa dizeli, paka grisi nyepesi kidogo, basi.

Sasa nirudi kwa mzee. Bomba la usukani limefungwa kwenye bodi ya gari, ila gia boksi imeshikana na injini, na injini imekalia mpira wa mauntingi, ule unaoishikiza kwenye gari. Rodi ndizo zinaunganisha pande hizo mbili. Mauntingi ikikatika, injini inainuka kila inapovuta mzigo, rodi zinavutwa, gia inachomolewa. Ikishuka, injini haivuti, kwa hiyo gia inakaa. Fundi mwenzangu alidhani meno yamechoka kwa sababu meno yaliyochoka nayo hutema gia kwenye mlima. Kudhani hivyo si kosa. Kosa ni kutofungua boneti kwanza.

Nilivuta breki ya mkono, kijana wangu akaweka gia na kuachia klachi kidogo kidogo, nami nimesimama pembeni, si mbele ya gari. Upande wa kushoto injini iliinuka kama mtu anayetaka kusimama. Mpira wa mauntingi ulikuwa vipande viwili.

Tuliweka mauntingi nyingine na bushi nne za naironi, tukapakia mbolea ya mzee mwenyewe, tukapanda kutoka Uyole mpaka Isyonje. Ya tatu haikutoka. Mzee akasema "ndaga fijo", asante sana kwa Kinyakyusa, na kunipa debe la viazi juu ya hela yangu. Kilichobaki ni oili inayovuja kwenye gia boksi, pale gasketi ilipochanwa siku ile ilipofunguliwa bure. Analeta gari Jumatatu.