Je, Wajua kwa Nini Harufu ya Omena Hujaa Nyumba Nzima?

Omena wakitiwa kwenye mafuta ya moto katika nyumba yoyote ya Nyalenda, mjini Kisumu, waliokaa sebuleni hawahitaji kuambiwa ugali wa jioni hiyo utaliwa kwa mboga gani. Samaki wenyewe hawajatoka kwenye karai. Kinachosafiri ni molekuli, chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, ambazo joto huzibandua na kuzirusha hewani. Baadhi ya zile zenye harufu kali ni za jamii ya amini, ambazo hutokea bakteria wanapovunjavunja protini za samaki. Ndiyo maana omena waliochelewa kukauka hunuka zaidi.

La ajabu ni kwamba molekuli hizo huenda kwa kasi ya mamia ya mita kwa sekunde, mwendo ambao ungezivusha chumba kufumba na kufumbua. Hata hivyo, kila moja hugongana na molekuli za hewa mabilioni ya mara kwa sekunde, na kila mgongano huipotosha njia, hivyo hutangatanga kama mlevi anayetafuta mlango wake. Mwaka 1905 Albert Einstein alieleza hesabu ya mwendo huo: umbali ukiongezeka mara mbili, muda unaohitajika huongezeka mara nne; ukiongezeka mara kumi, muda huwa mara mia. Lau hewa ya nyumba ingetulia tuli, harufu ya jikoni ingechukua siku kadhaa kufika chumba cha mwisho.

Kinachoiwahisha, basi, ni mwendo wa hewa yenyewe. Hewa iliyopata moto wa jiko hupanda hadi kwenye mabati, ikatambaa chini ya paa na kushukia vyumba vingine, hasa pale kuta zisipofika juu. Nje nako, mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko Ziwa Victoria, kwa hiyo upepo huvuma kutoka ziwani ukiwa umebeba harufu ya omena walioanikwa ufuoni. Usiku mkondo hugeuka.

Kuihamisha harufu hiyo ni kazi nyingine. Matone madogo ya mafuta hunasa kwenye mapazia na nywele, yakiendelea kuiachilia kidogo kidogo hata kesho yake. Wanaokamulia omena limau wana hoja ya kikemia, si ya ladha tu: asidi yake huungana na amini na kuzigeuza chumvi zisizoruka hewani.