Istanbul: jina la Kigiriki kinywani mwa Mturuki

Mtu wa Makunduchi akiaga asubuhi kwamba anakwenda mjini, hakuna anayemuuliza ni mji gani. Kwa watu wa Unguja mji ni mmoja, na neno hilo, pamoja na -ni yake ya mwishoni, limezoeleka hata likaingia katika jina rasmi la mkoa: Mjini Magharibi. Naanzia hapa kwa sababu sijui njia fupi kuliko hii ya kulieleza jina la Istanbul, na ya kuondoa kosa ambalo idara yetu hukutana nalo mara kwa mara, kwa wanafunzi na hata kwa walimu wao. Wengi huamini kwamba Waturuki walipouteka mji wa Konstantinopoli mwaka 1453 walilifuta jina la Kigiriki wakaweka la kwao.

Hawakulifuta. Na hilo linaloitwa la kwao, Istanbul, asili yake ni Kigiriki vilevile.

Mji huu, unaokaa penye mlango wa bahari wa Bosphorus, uliasisiwa na Wagiriki wa Megara katika karne ya 7 kabla ya Kristo, ukaitwa Byzantion. Tarehe 11 Mei 330 Kaisari Konstantino aliuzindua upya kuwa makao yake makuu. Aliutaka uwe Roma Mpya, lakini watu wakauita kwa jina lake mwenyewe, Konstantinoupolis, yaani mji wa Konstantino. Polis kwa Kigiriki ni mji. Wenyeji wake walizungumza Kigiriki, ila wao walijiita Warumi. Hao ndio Warumi wanaotajwa katika Suratul Rum, na kaisari wao Heraclius ndiye Herekali ambaye mshairi wa Pate alimtungia utenzi mrefu katika karne ya 18. Neno hilo halijafa: mpaka leo Mturuki humwita Mgiriki wa Istanbul Rum, na Mgiriki wa Athens akamwita Yunan.

Sasa, Konstantinoupolis ni jina refu, na mji wenyewe ulikuwa mkubwa kiasi kwamba hapakuwa na haja ya kulitaja lote. Wagiriki walisema tu i Poli, Mji. Aliyekuwa safarini kuelekea huko alisema is tin Polin, maana yake “kwenda Mjini”. Tamka maneno hayo kwa haraka kama yatamkwavyo njiani na sokoni. N ikikutana na p midomo hufunga, n ikawa m na p ikawa b, kikasikika kitu kama istimbolin. Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kushangaa, kwani sisi nasi husema “nyumba mbaya”, hatusemi “nyumba nbaya”. N yetu nayo huinamia b. Mgeni asiyejua Kigiriki aliyasikia maneno matatu akayafanya jina moja.

Jambo hili lilitokea lini? Zamani sana kabla ya 1453. Mwanahistoria al-Masudi wa Baghdad, aliyeandika katika karne ya 10, alieleza kwamba Wagiriki wenyewe waliuita mji wao Bulin, na pia Istan Bulin. Ibn Battuta, msafiri yuleyule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika Konstantinopoli miaka michache baadaye akaandika kwamba upande wa mji anaokaa mfalme unaitwa Astanbul. Wakati huo mtekaji wa mji alikuwa bado hajazaliwa kwa karibu miaka mia.

Waturuki walilipokea jina hili kama walivyoyapokea mengine mengi ya Wagiriki wa Anatolia, yaani Uturuki ya upande wa Asia, na visiwa vyake. Nikaia kwao ni İznik, Smyrna ni İzmir, na kisiwa cha Kos walikiita İstanköy. Is ile ya Kigiriki, yenye maana ya “kwenda”, imenasa mwanzoni. Neno polis nalo limejificha mwishoni mwa majina mengi ya Uturuki: Gelibolu ilikuwa Kallipolis, Tirebolu ilikuwa Tripolis.

Sultani Mehmed II alikuwa na umri wa miaka 21 alipouzingira mji kuanzia tarehe 6 Aprili 1453. Ulianguka Jumanne, tarehe 29 Mei. Kaisari wa mwisho alikufa vitani, naye pia aliitwa Konstantino, wa 11. Tukio ni moja, lakini sikiliza kila upande unavyolitaja. Waturuki husema Fetih, neno lile la Kiarabu lililomo katika Fatiha: ufunguzi. Ndiyo maana Mehmed anaitwa Fatih, Mfunguzi. Wagiriki husema Alosi, kutekwa, na wengi wao mpaka leo huiona Jumanne kuwa siku ya nuksi. Ninapofundisha somo hili huyaandika maneno yote mawili ubaoni, kwani atakayejifunza moja tu atakuwa amesikia nusu ya habari.

Mfunguzi huyo hakulichukia jina la Konstantino. Alijiita Kayser-i Rum, Kaisari wa Rumi, akajiona mrithi wa kiti kilekile. Tena alimweka Gennadios kuwa patriaki, yaani mkuu wa kanisa, wa Wakristo Waorthodoksi. Katika sarafu na hati za serikali mji uliendelea kuitwa Kostantiniyye, kwa namna ya Kiarabu. Kwa Waislamu jina hilo lilikuwa na uzito wake, kwa kuwa ndilo lililomo katika hadithi iliyopokewa na Imam Ahmad, inayobashiri kufunguliwa kwa mji na kumsifu amiri atakayeufungua. Nadhani lingefutwa, sifa ingekosa anwani. Palikuwepo na majina mengine ya heshima, kama Dersaadet, Mlango wa Saada. Palikuwepo pia Islambol, “uliojaa Uislamu”, lililopigwa kwenye sarafu katika karne ya 18. Wako wanaodhani Istanbul limetokana na Islambol. Mambo yalikwenda kinyume: watu walilichukua jina lililokuwepo wakalipindua kidogo ili lilete maana kwa lugha yao. Hata sarafu za Mehmed VI, sultani wa mwisho, zimeandikwa Kustantiniya.

Aliyeliondoa jina la Konstantino ni Jamhuri. Mwaka 1923 makao makuu yalihamishiwa Ankara, mwaka 1928 zikaja herufi za Kilatini, na tarehe 28 Machi 1930 ikatoka sheria ya posta, nchi za nje zikatakiwa kutumia majina ya Kituruki. Barua iliyoandikwa Constantinople haikufikishwa tena. Ilikuwa imepita miaka 477 tangu mji utekwe.

Nisieleweke kwamba asili ya jina inafuta machungu. Katika mabadilishano ya watu ya mwaka 1923 kati ya Uturuki na Ugiriki, Waorthodoksi wapatao milioni 1.2 walihesabiwa kuwa wa Ugiriki, na Waislamu wapatao 400,000 wakapelekwa Uturuki. Wagiriki wa Istanbul waliruhusiwa kubaki, kiasi cha watu 100,000. Halafu likaja ghasia la Septemba 1955, maduka na makanisa yao yakavunjwa, na mwaka 1964 maelfu wakafukuzwa. Leo wamebaki elfu chache tu. Mtaani Fener angali yupo patriaki wao, na cheo chake bado ni Askofu Mkuu wa Konstantinopoli, Roma Mpya.

Huko Ugiriki nako hakuna aliyebadilisha kitu. Wanaandika Konstantinoupoli, na wakiwa nyumbani husema i Poli. Bibi wa Thessaloniki mwenye asili ya Istanbul, akipanda basi kwenda kulitazama kaburi la wazazi wake, atawaambia majirani: pao stin Poli, nakwenda Mjini. Mturuki akipita hapo asiyejua neno la Kigiriki, katika maneno hayo atalisikia jina la mji wake.