Tanga la jua halisukumwi na upepo wa jua

Nikieleza matanga ya jua, yaani vitambaa vyembamba vinavyong'aa vinavyosukuma chombo cha angani kwa mwanga wa Jua, hakosi mtu wa kuuliza: "Kwa hiyo ni ule upepo wa jua unaosukuma chombo?" Siyo! Na wengi wanaouliza wanajua vizuri kwamba upepo huo ni protoni na elektroni zinazolikimbia Jua kwa kilomita 400 hivi kwa sekunde. Wanachokwepa ni hesabu.

Basi tuifanye. Hapa ilipo Dunia, mwanga ukipiga kioo safi na kurudishwa hutoa shinikizo la maikropaskali 9 hivi. Upepo wa jua, siku ya kawaida, hutoa nanopaskali 2 hivi (maikropaskali moja ni nanopaskali 1,000). Mwanga unaushinda maelfu ya mara. Ndiyo maana tanga hupakwa alumini inayong'aa: fotoni, yaani chembe ya mwanga, inayorudishwa husukuma karibu mara mbili ya ile inayofyonzwa. Kama kazi ingekuwa ya protoni, kung'aa kote huko kungekuwa pambo tu. Wapo wanaobuni tanga la umeme, lenye nyaya ndefu za chaji za kufukuza protoni, lakini hicho ni chombo kingine kabisa.

"Fotoni haina masi, itasukumaje?" Ina momenta, yaani msukumo wa mwendo unaohamia kwenye kitu inachogonga: nishati yake ugawanye kwa kasi ya mwanga. Mwanafizikia Mrusi Lebedev alilipima shinikizo hilo la mwanga Moscow na kuchapisha matokeo mwaka 1901. Na tafadhali, usiniletee kile kifeni cha ndani ya tungi la kioo, kinachozunguka kikipigwa na mwanga, kama ushahidi; hicho huzungushwa na gesi iliyobaki humo.

"Msukumo ni mdogo mno." Ni mdogo, sibishi. IKAROS, chombo cha tanga cha Japani kilichorushwa 2010 na tanga la mita 14 kwa 14, kilipata msukumo wa milinyutoni 1 hivi. Lakini haukatiki wala hauli mafuta: katika miezi sita ulitosha kubadili kasi kwa takriban mita 100 kwa sekunde.

Wengine husema chombo kitaenda mbali na Jua tu. Hawa nawaambia: chora mishale ya msukumo na ya mwendo kabla ya kubishana. Chombo hakijasimama, kinalizunguka Jua. Inamisha tanga ili msukumo upinge mwendo, nishati ya obiti, yaani ya njia yake ya kuzunguka, itapungua nacho kitazama ndani taratibu. Kuizunguka Dunia nako ni vivyo hivyo: LightSail 2, chombo cha tanga cha 2019, ililielekezea Jua ukingo wa tanga ilipokuwa ikilielekea, na uso mzima ilipokuwa ikiliacha, ikainua obiti yake.