Vichekesho vya mzee mwenye gubu

Mtu mwenye gubu tunamjua: hakuna kinachompendeza, na kila apitaye mbele yake hakosi kasoro. Magazeti ya Marekani ya mwanzoni mwa karne ya 20 yaliligeuza gubu hilo kuwa aina ya vichekesho vya katuni. Mhusika wake ni mtu mzima, kavaa kiheshima, na subira hana hata chembe.

Mfano mzuri kabisa ni Everett True, bwana mnene mwenye kofia ngumu ya mviringo, aliyechorwa na A. D. Condo kuanzia 1905 hadi 1927, J. W. Raper alishirikiana naye kwenye maandishi. Katuni ilikuwa na visanduku viwili tu. Katika cha kwanza mtu anakera: labda kajitanua kwenye kiti cha tramu, ile treni ya mitaani, nafasi ya watu wawili kaijaza peke yake. Katika cha pili True ameshamvaa, ngumi na maneno kwa pamoja. Hakuna kisanduku cha katikati cha kuonya wala kusihi, na ndipo kicheko kilipo, kwa sababu sisi wengine tunaishi humo humo kwenye kisanduku ambacho hakikuchorwa. Tunakohoa kidogo, tunatazama dirishani, tunakufa na tai shingoni.

Ili mchezo huu ukubalike, anayepigwa lazima awe na kosa, hata likiwa dogo kiasi gani. True angempiga mnyonge asiye na hatia, msomaji asingecheka. Na heshima ya mavazi yake ina kazi: kijana wa mtaani akifanya hayohayo, hiyo ni habari ya polisi.

Fontaine Fox naye, katika katuni zake za Toonerville, alikuwa na Bwana Bang, mwenye hasira za kutisha. Ila kwa Bang hasira yenyewe ndiyo kituko. Kwa True, msomaji yuko upande wake.

Si kila siku, lakini. True ana mke, na siku True mwenyewe akikera, mkewe ndiye anayempiga. Kwa maoni yangu bibi huyu ndiye aliyeiokoa katuni. Bila yeye ingebaki hadithi ya mbabe tu.

Miaka ya karibuni, watu walipoanza kubishana mtandaoni kuhusu wanaume wanaotanua miguu kwenye treni, ile katuni ya kiti cha tramu ilifufuka na kusambazwa upya.