Utu uzima unaochelewa ni nini?

Kenya ukitimiza miaka 18 unachukua kitambulisho, unapiga kura na sheria inakuruhusu kuoa au kuolewa. Lakini Katiba ya 2010 inaendelea kukuhesabu kijana mpaka utimize 35. Utu uzima unaochelewa ndio hali ya wengi katika miaka hiyo ya kati: utoto umeisha, ila kazi ya kudumu, makao na familia, ambavyo ndivyo jamii humpimia mtu, bado havijapatikana.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Jeffrey Arnett, aliandika mwaka 2000 kwamba miaka 18 hadi 25 ni hatua ya pekee, ya kujaribu masomo, kazi na mapenzi kabla ya kutulia. Alikuwa akizitazama nchi zenye viwanda. Alcinda Honwana wa Msumbiji, aliyewachunguza vijana wa Afrika, aliona wengi wao wanangoja tu, kwa sababu uchumi haujawafungulia njia. Kwangu mimi, Nairobi inafanana zaidi na aliyoyaona Honwana.

Piga hesabu ya kuhama nyumbani. Tuseme umepata bedsita, yaani chumba kimoja cha kupanga, mtaani Zimmerman, kodi shilingi 8,000 kwa mwezi. Kabla ya kupewa funguo unatoa kodi ya mwezi wa kwanza na dipoziti ya kiasi hicho hicho: 16,000. Hujanunua godoro wala mtungi wa gesi wa kilo 6. Mwenye kibarua cha mkataba wa miezi mitatu atazitoa wapi? Kuhama kukikwama, ndoa nayo inakwama. Ni nani atakayetuma wazee wakaulize mahari ilhali analala sebuleni kwa mjomba mtaani Kayole? (Wengine huanza kuishi pamoja hivyo hivyo, mahari itajulikana mbele.) Na aliyesoma kwa mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, anatakiwa aanze kuulipa ndani ya mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo.

Majukumu, hata hivyo, huwahi. Kijana huyo huyo ndiye anayepigiwa simu kuhusu karo ya mdogo wake, dawa za nyanya yake, mchango wa matanga, na hutuma kwa M-Pesa alicho nacho. Kikao cha ukoo kikiitwa, anatumwa kupanga viti, maana hana mke wala boma. Wanaosema vijana wa siku hizi wanapenda kudekezwa wameangalia anapolala, hawajawahi kuangalia orodha ya watu aliowatumia pesa mwezi huo.