Bonde la mashapo: kwa nini Lokichar kuna mafuta na Nakuru kuna mvuke

Tangu Machi 2012, kisima cha Ngamia-1 kilipogonga mafuta kule Lokichar, Turkana, swali hili halijaisha hapa Nakuru: ikiwa Bonde la Ufa ni lilelile, mbona sisi tukichimba Menengai, volkano iliyo jirani yetu, tunapata mvuke? Jibu limo katika dhana ya bonde la mashapo.

Mashapo ni mchanga, tope na mabaki ya viumbe ambayo maji huyabeba na kuyaacha mahali pa chini. Bonde la mashapo ni pale ambapo ardhi yenyewe imezidi kudidimia kwa mamilioni ya miaka, tabaka likalala juu ya tabaka hadi kufikia kilomita kadhaa. Pasipo kudidimia, shimo hujaa mapema na mito ikapita juu yake.

Kinachodidimiza ni mwendo wa mabamba ya dunia, yaani vipande vikubwa vya ganda lake la mawe. Bamba la Somalia, lililo mashariki mwa Bonde la Ufa, linajitenga na la Nubia, lililobeba sehemu kubwa ya Afrika, kwa milimita chache kwa mwaka. Ganda la dunia likivutwa hivyo hupasuka, na kipande cha kati hushuka, ila mara nyingi hakishuki sawasawa. Upande wenye ufa mkuu huzama sana, ule mwingine huinama tu, mithili ya meza iliyovunjika miguu ya upande mmoja. Umbo hilo ndilo linalogawa mashapo. Chini ya ukuta wa ufa, mito inayoteremka kwa kasi huacha kokoto na mchanga. Penye kina hukaa ziwa, na sakafuni mwake hutulia tope laini pamoja na mwani uliokufa.

Anayetaka kuona mgawanyo huo ukiendelea leo aende Kano, Kisumu. Tambarare ile ni mkono wa Bonde la Ufa uliochepukia magharibi, umebanwa na ukuta wa Nandi upande wa kaskazini na Nyabondo upande wa kusini. Mto Nyando ukifurika, mchanga hubaki nyuma, tope hutandaa mashambani Ahero, na lile laini kabisa huingia na maji ya kahawia hadi Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria.

Tope lenye mwani ndilo chimbuko la mafuta, lakini lazima lizikwe. Joto likifika kati ya nyuzi 60 na 120 hivi za Selsiasi, kwa muda mrefu sana, tope hilo hutoa mafuta. Likizidi, hutoa gesi. Mafuta hupanda, hupenya kwenye matundu madogo ya mawe ya mchanga, na yakikuta juu yake tabaka la tope lililoshikamana, hunasa hapo. Lokichar ilijaliwa yote: ziwa la kale, mchanga, ufa mkubwa upande wa magharibi, na mashapo mazito ya kuzika na kufunika.

Huku kwetu bonde lilijazwa zaidi na lava na majivu ya volkano. Tena moto uko karibu: visima vya Menengai hupita nyuzi 300 kwenye kina cha kilomita 2 hivi. Joto hilo ni hazina kwa umeme, ila hata tope zuri namna gani lingeungua.

Si kwamba hatukuwa na maziwa. Pale Kariandusi, karibu na Gilgil, kuna mwamba mweupe, mwepesi, unaoacha unga mkononi ukiugusa. Ni magamba ya mwani mdogo usioonekana kwa macho, uliokufa ziwani kwa wingi usiosemeka. Mwani ulikuwepo basi. Tabaka lake halikuzama kiasi cha kupikwa.

Asili hiyo ya ziwani huonekana hata kwenye mafuta ya Turkana yenyewe. Yana nta nyingi na huganda yakipoa, ndiyo maana bomba lililopangwa kuyafikisha Lamu lilipigiwa hesabu ya kupashwa joto njiani.